Kilichomzuia fundi Mbaraka kwenda kubadilisha nyonga

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya nyumba moja ya Vuga, mkoani Tanga, fundi Mbaraka anaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, anaunyanyua na kuuweka juu ya pedali ya cherehani. Anatulia, anasubiri maumivu yapite. Kisha anaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto, ule wa kulia ukifuata tu kama abiria.

"Zamani nilikuwa nakanyaga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, sikumbuki hata kama nina miguu," anasema bila kuinua macho kutoka kwenye sare ya shule anayoshona. "Sasa nashona sketi moja, napumzika. Nimechoka, mwanangu. Kazi haijanichosha. Kilichonichosha ni huu mguu."

Ana miaka 66. Alizaliwa Taveta, upande wa Kenya, akashona kwenye kiwanda cha nguo Mombasa kwa miaka 31. Huko ndiko alikomwoa Husna, binti wa Vuga aliyekuwa amefuatana na shangazi yake kuuza kabichi na pilipili hoho. Alipostaafu hakuwa na pa kurudi. Wazazi walishafariki na shamba la Taveta lilishagawanywa.

"Mombasa nilipanga chumba miaka yote hiyo. Siku unarudisha ufunguo, na mji umeurudisha," anasema.

Wakaja kwao Husna, nyumbani kwa mama yake, Bi Halima, mjane wa miaka 82. Mama mkwe akawapa chumba, na baraza ya kuweka cherehani. Huu ni mwaka wa sita.

Nyonga ilianza kumsumbua mwaka wa pili. Hospitali ya kwanza ilimpa dawa za maumivu akarudi nyumbani. Ya pili ilimpiga picha ikamwambia ukweli: nyonga imelika, dawa yake ni kuibadilisha. Kwenye hospitali binafsi aliyoulizia, alitajiwa zaidi ya shilingi milioni kumi na mbili. Siku nzuri Mbaraka hupata elfu nane, na siku nzuri si nyingi.

Bima anayo, lakini ni ya Kenya. Alikatwa kwenye mshahara miaka yote na akaendelea kuilipia baada ya kustaafu. Kwa matibabu ya huku haimsaidii kitu. Alipoulizia bima ya huku, alirudishwa mara tatu kwa sababu ya karatasi za mgeni, mwisho akaacha.

"Kule wananijua, lakini siishi kule," anasema na kukata uzi kwa meno.

Mwaka juzi akajikongoja na fimbo, akapanda gari hadi Mombo, akalala Tanga kwa binti yake Rahma, akavuka mpaka wa Horohoro hadi Mombasa. Hospitali ikakubali kumfanyia upasuaji kwa bima yake, ikampa tarehe. Muuguzi akampa na karatasi ya kujiandaa nyumbani.

Karatasi ilisema kwamba kwa miezi mitatu asichuchumae, asikae kwenye kiti kifupi, wala asitembee kwenye mteremko bila mtu wa kumshika. Choo chao ni cha shimo, kiko chini nyuma ya migomba, na njia yake ni udongo mtupu unaoteleza hata kwa mwenye miguu mizima. Kwa hiyo angehitaji kiti chenye ndoo, chumbani.

Hapo ndipo alipokwama. Chumba chake na cha mama mkwe vinatazamana, kuta hazifiki juu, na nyumba haina dari. Ukikohoa chumba hiki, unapewa pole kutoka chumba cha pili.

Kwa miaka sita Mbaraka hajawahi kula mbele ya Bi Halima. Bibi akipita barazani, fundi husimama, na siku hizi kusimama kwenyewe kunamtoa jasho. Bibi aliliona hilo, akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba, kupitia kwenye maharage, ili mkwe wake asihangaike kunyanyuka.

"Sasa huyo ndiye anisikie nimekaa juu ya ndoo?" anauliza. "Miezi mitatu? Niliona bora nibaki na ugonjwa wangu."

Akaamua kudanganya. Tarehe ya kwanza ilipokaribia, aliwaambia mkewe na binti yake kwamba hospitali imeahirisha. Ya pili ilipofika, akasema mashine imeharibika. Wakamwamini.

Uongo ulikwisha kwa simu. Muuguzi alipiga namba ya Husna kuuliza kwa nini mgonjwa hakufika mara mbili. Akikosa ya tatu, alisema, nafasi yake atapewa mwingine.

"Niliwaka!" anasema Husna, akichambua mboga mlangoni. "Mwaka mzima namkanda na maji ya moto, namgeuza kitandani, kumbe mwenyewe ndiye anayewaahirisha madaktari. Nikamuuliza sababu. Aliponiambia nilitaka kucheka, nikashindwa. Mimi mwenyewe nisingeweza, mbele ya baba mkwe."

Jioni ile, jikoni, alimweleza mama yake yote kwa Kishambaa. Siku ya tatu bibi akaagiza mwanawe Amiri, anayeishi Bungu, aje kumchukua. Angekaa huko mpaka mkwe wake apone. Tangu azike mumewe, miaka 19 iliyopita, Bi Halima hakuwahi kulala nje ya nyumba ile.

Mbaraka alikataa katakata. Mgeni amhamishe mwenye nyumba, watu wa Vuga wangesema nini? Akamtuma Husna akambembeleze, ikashindikana. Mwisho akaenda mwenyewe, akasimama nje ya mlango wa chumba cha bibi, macho chini.

"Shikamoo, mama. Nakuomba usiondoke."

Bibi alijibu kutoka ndani, bila kufungua. Husna anayakumbuka maneno yale.

"Marahaba, baba Rahma. Nimezaa watoto saba, nimezika wanne. Hao sikuwa na la kuwafanyia. Wewe sitakaa nikutazame unakwisha kwa ajili ya ndoo."

Aliondoka Alhamisi iliyopita, na mfuko mmoja na msala wake. Amiri alimshika mkono kupanda mpaka barabarani. Siku ile cherehani haikulia.

Upasuaji ni tarehe 14 mwezi ujao, na Rahma ndiye atakayempeleka. Kiti cha ndoo kimeshachongwa, kiko chumbani kimefunikwa kanga.

"Naogopa," anasema Mbaraka. "Kisu sikiogopi. Yule ni mtu wa miaka themanini na mbili, na Bungu kuna baridi. Akinifia kule, hii nyonga mpya nitaitembeza wapi?"

Rahma ameahidi kukodi gari la kumrudisha bibi miezi mitatu ikiisha. Lakini baba yake hataki mtu mwingine atangulie kumfuata.

"Gari litaniacha barabarani," anasema. "Kutoka pale mpaka kwa Amiri ni mteremko. Nitaushuka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwombe mama arudi kwake."