Chokaa Mgongoni

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho mie kuvaa suruali nyeupe. Ilikuwa Jumamosi, mvua imekatika alfajiri. Nilikuwa kijana, mkaguzi msaidizi wa magari pale Temeke, mtumishi wa serikali kamili, kalamu mbili mfukoni. Moja ya kuandikia, nyingine ya kuonekana.

Shule mie niliishia kidato cha pili. Cha tatu nilikuwa nakisikiaga tu kwa wenzangu. Lakini gari nilikuwa nalijua, maana nilikulia gereji Manzese, nikilala na harufu ya grisi kama wenzangu walivyolala na mashuka. Ndiyo maana serikali ikanichukua. Sura haikuhusika, nakuhakikishia.

Yadi yetu siku hizi imekuwa maghala, ukipita huwezi kujua kama palikuwa na kitu. Zamani palikuwa na kiofisi kimoja kimepakwa chokaa, mama muuza chai getini, na shimo la kukagulia magari ambalo nusu ya mwaka lilikuwa limejaa maji na vyura. Kwa hiyo tulikuwa tunakagua kwa kulala chini. Unatandika boksi, unalala chali, unajisogeza chini ya gari kama mjusi.

Mkubwa wetu alikuwa mwanamke, Mama Koku, mtu wa Bukoba, mfupi, mnene, sauti ya chini. Huyo mama hakuwa anasoma fomu kwanza. Ukimpelekea fomu apige muhuri, anakuambia, "Geuka, waitu, nikusome." Waitu kwao Kihaya ni kama kusema ndugu yetu. Unageuka. Anautazama mgongo wa ovaroli yako. Ukiwa na tope na mafuta, anapiga muhuri. Ukiwa safi, anakurudishia fomu yako bila neno. Alikuwa anasema mkaguzi huandika kwa mgongo, mkono unanakili tu.

Sasa Jumamosi hiyo saa nane nilitakiwa Mbagala, ukweni, kwenda kutambulishwa. Nikanunua suruali nyeupe ya mtumba, pasi imesimama kama wembe, nikaivaa kabisa ndani ya ovaroli ili nikitoka kazini nisirudi nyumbani. Akili nyingi huondoa maarifa. Ovaroli yenyewe ilikuwa na matobo nyuma kama chandarua cha msela.

Saa tatu likaingia basi. Dereva wake Salumu, jirani yangu.

"Oya, mkwe mtarajiwa!" akaniambia. "Nifanyie chapchap. Nina watoto wa shule Vingunguti, nawapeleka Pugu milimani, wakaone msitu."

"Breki vipi?"

"Breki? We mtu vipi, mie nakaa mtaa mmoja na wewe, nitakudanganya?"

Nikatazama chini ya basi. Tope jeusi linang'aa. Nikaiangalia suruali yangu inavyochungulia kwenye matobo. Nikamfikiria mama mkwe. Mwanangu, shetani hanaga haja ya pembe, wakati mwingine anakuja na pasi.

Sikulala. Nikazungukia nyuma ya ofisi, nikachukua tambara la mafuta, nikajipaka mgongoni. Nikaona yanaonekana mapya mno, mtu atashtuka. Nikajisugua ukutani yakolee, kushoto, kulia, kama ng'ombe mwenye kupe. Nilichukua dakika kumi nzima, na niliifanya kazi ile kwa bidii, jasho linanitoka. Kisha nikajaza fomu: breki nzuri, usukani mzuri, kila kitu kizuri. Mama Koku alikuwa ameliona basi likiingia, kisha akatoka dukani mara moja, nami muhuri nilijua anakouweka. Nikaupiga mwenyewe, nikamkabidhi Salumu fomu, basi likaondoka. Nilijiambia mama akirudi nitamwonyesha mgongo, na biashara imeisha.

Mama Koku akarudi, akaona yadi tupu. "Lile basi?"

"Nimelikagua, mama. Zima kabisa."

"Geuka nikusome."

Nikageuka kwa madaha. Akanisogelea, akapitisha kidole mgongoni kwangu.

"Waitu," akasema taratibu, "basi gani hili lililopakwa chokaa chini?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie ufa sikuziba, na ukuta nilikuwa nimeshaubeba mgongoni.

Hakunitukana. Aliniuliza tu basi limeelekea wapi, halafu akaniambia, "Vua hiyo ovaroli. Hukuifanyia kazi." Nikabaki na shati langu la ukweni na suruali nyeupe. Akatoka mbio barabarani, na ule unene wake, mie nyuma. Lori la kwanza kusimama lilikuwa limebeba mbuzi wa machinjio ya Vingunguti. Mama akaingia mbele na dereva. Mie nikapanda nyuma na mbuzi. Mmoja alinikazia macho njia nzima, nadhani aliona tunakwenda sehemu moja.

Njiani utani wote ulinitoka. Barabara ya Pugu ina milima, na basi likiwa limejaa, kwenye mteremko ndipo breki hutoa ushahidi. Kila tulipokuta watu wamekusanyika kando ya barabara, roho ilinishuka mpaka kwenye kwato za wale mbuzi.

Tukalikuta kwenye uwanja wa shule, injini inaunguruma, watoto wameshapanda wote. Wanaimba, wanapiga miguu sakafuni. Salumu akatoa kichwa dirishani. "Vipi tena, braza? Si mmeshanipitisha?"

Mama Koku akaninyooshea kidole ardhini. "Lala."

Nikalala mwanangu, na weupe wangu wote, kwenye tope la Vingunguti. Nikajisogeza chini ya basi. Juu yangu miguu ya watoto inapiga du, du, du, bati moja tu limetutenganisha. Nikafuata bomba la breki kwa kidole mpaka gurudumu la nyuma, nikashika kitu laini. Mpira wa tyubu. Bomba lilikuwa limepasuka, mtu kalifunga kwa mpira na waya, na mafuta yanadondoka tone tone.

"Mama," nikaita. "Limefungwa mpira."

"Salumu," akasema yeye, "kanyaga breki."

Mara ya kwanza mpira ukavimba. Mara ya pili ukavimba zaidi. Mara ya tatu ukaachia, mafuta yakanimwagikia usoni, na nikasikia Salumu juu kule anasema, "Yallah! Imeenda mpaka chini!" Watoto walikuwa bado wanaimba.

Nilipotoka, Mama Koku alinipa kanga yake nifute macho. Nilitegemea kofi. Akasema, "Ungekuwa mvivu ningekuelewa, mvivu hufundishika. Lakini wewe ulifanya kazi. Zile dakika za kujipaka chokaa zingetosha kulala chini ukaliona bomba. Sasa panda ukawaambie mwenyewe."

Nikapanda. Wakanyamaza wote waliponiona, nilivyokuwa nafanana na chura wa shimo letu. Nikasema, "Wanangu, safari hakuna. Basi bovu. Na mie ndiye niliyesema zima."

Binti mmoja wa kiti cha mbele, kabeba chupa ya maji kifuani, akaniuliza, "Sasa kwa nini ulisema zima?"

Nimefanya kazi ile mpaka nikastaafu. Nimepanda vyeo, nimepewa ofisi yenye feni, nimehojiwa na wakubwa wenye miwani na mafaili. Swali gumu kama lile sijaulizwa. Mwalimu wao akawashusha, wengine wanalia.

Barua kali niliandikiwa, na miezi kadhaa nilifagia yadi. Ukweni nilikwenda wiki iliyofuata na suruali ya kuazima. Bibi yenu akakubali hivyo hivyo, maskini, macho yake yalikuwa hayajakaguliwa.

Mama Koku ameshatangulia mbele ya haki. Ninamkumbuka sana, na ile yadi, na hata wale vyura. Siku hizi kuna mashine za kupima breki, kijana anakaa na kompyuta, shati safi. Vizuri tu, mie si mchawi wa maendeleo. Ila mashine nayo inamsubiri mtu aseme kweli.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Kutokujua si aibu, mie mwenyewe nimeishi nako. Kuchoka si dhambi, sema umechoka, mwenzio atakushika mkono. Lakini usije ukatoa jasho kutengeneza alama ya kazi ambayo hukuifanya. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingine juu yake wamekaa watoto wa watu. Kabla hujaweka saini popote, jiulize kama unaweza kumjibu binti wa kiti cha mbele. Kama huwezi, weka kalamu chini, nenda ukaangalie.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kukiri. Kila unayemwambia "nenda salama" afike, awakute watu wake wamemwekea chakula, na akuombee heri bila hata kulijua jina lako.