Sahani Kumi na Mbili za Kuponi, na Wanangu Hawali Kwangu

Admin, nifichie jina. Mtaani kwetu ukurasa huu unasomwa hadi na muuza mkaa.

Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi Nyahanga hapa Kahama, peke yangu, kwenye nyumba ya vyumba vitatu niliyoijenga kwa ubahili. Wenzangu huita kubana matumizi, lakini leo sitaki kujipamba.

Baba watoto alikwenda kuchimba dhahabu Geita, wa kiume akiwa na miaka saba na wa kike minne. Hela ilikuja akipata, na mara nyingi hakupata. Mwisho hata yeye mwenyewe akaacha kuja. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, nikajifunza kununua kwa akili. Sokoni nilikwenda jioni wauzaji wakifunga, fungu la nyanya unapewa na nyongeza. Mche wa sabuni nilikata vipande nikavianika juu ya kabati wiki mbili, maana sabuni mbichi inaisha upesi. Halafu kulikuwa na duka la jumla la Mhindi mmoja mjini, ukinunua mzigo anakupa kuponi, ukifikisha ishirini anakupa sahani ya udongo yenye maua. Nikawa nakusanya oda za majirani, mafuta ya huyu, mchele wa yule, nawanunulia kwa bei ya jumla. Kuponi nabaki nazo mimi. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema. Ndivyo nilivyopata sahani kumi na mbili.

Hayo siyajutii sana. Ninachojutia ni wageni.

Mgeni kwangu alikuwa hasara. Chakula cha mchana nilipika saa tisa, watu wakiwa wameshatawanyika, na mlango nimeufunga kwa ndani. Wanangu niliwafundisha kwamba wakikaribishwa kwa jirani yetu Mama Kulwa waseme, "Tumeshiba, asante." Kwa sababu ukila kwake leo, kesho wanawe wako kwako wameshanawa mikono. Walikuwa wanalisema vizuri sana, hata wakiwa na njaa. Nilijisifu kwamba nimelea watoto wenye adabu.

Siku moja dada yangu alikuja kutoka Mhunze bila taarifa, amenibebea kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Tulikuwa katikati ya kula. Niliposikia hodi nikasukuma sufuria ya ugali na bakuli la dagaa chini ya kitanda, ndipo nikafungua. Nikamwambia, "Dada, ungesema unakuja. Leo hata hatujapika." Nikampa chai ya rangi. Akainywa, akawaangalia wanangu waliokaa kimya kwenye mkeka, akasema taratibu, "Kanaweni mikono, wanangu. Inanuka dagaa." Kisha akaaga. Hakukanyaga tena kwangu mpaka alipofariki.

Sasa wanangu ni watu wazima. Mkubwa yuko mgodini huko Geita, ana gari. Mdogo ni mwalimu Shinyanga mjini. Hawajanitupa, sitawasingizia. Wananitumia hela, wananinunulia dawa za presha. Lakini hawali kwangu. Wanakuja wameshakula, wanakaa saa moja, wanaondoka, na nyumba inabaki kimya hadi nasikia friji linavyonguruma.

Mwezi uliopita mkubwa aliniambia anakuja na mkewe na mjukuu wangu wa kike wa miaka mitano. Nikasema safari hii nitawashangaza. Nikachinja jogoo, nikapika pilau, nikatoa sahani nne za maua ambazo hazijawahi kuguswa. Nikakaa dirishani kuwasubiri. Gari lao likaja, likasimama pale kona kwa mama lishe. Walikaa huko karibu nusu saa. Nikawa nawatazama wanakula, na pilau yangu iko jikoni inapoa.

Wakaingia wamebeba sukari, mkate, hadi maji ya kunywa. "Shikamoo, mama. Usihangaike, tumeshakula." Nikapakua hivyo hivyo. Mjukuu akasogea, akanyoosha mkono kwenye paja la kuku, akamtazama baba yake, akaurudisha. Akaniambia, "Nimeshiba, bibi. Asante."

Ilikuwa sauti ile ile ya baba yake alipokuwa mdogo. Nilikwenda jikoni nikalia.

Mwanangu akanifuata. Nikamuuliza, "Baba, nimekukosea nini mpaka usile kwangu?" Akashangaa kweli. "Mama, sisi tunakuonea huruma. Tangu tukiwa wadogo tunajua mgeni akila, wewe unaumia. Hata Krismasi usijisumbue, nitakuja kukuchukua, tutakula wote hotelini." Aliongea kwa upendo. Nikafuta machozi, nikabandika chai.

Na niseme ukweli wote. Mkewe alikubali chai kwa heshima. Alipokuwa anatia sukari, macho yangu yalihesabu vijiko. Sikutaka, yalihesabu yenyewe. Kijiko cha tatu aliona macho yangu yalivyokifuata, akakirudisha kwenye kopo. Kuku yule nilimla peke yangu siku tatu. Pilau iliyobaki niliianika juani, sikuweza kuitupa hata siku ile.

Krismasi inakaribia. Nikienda hotelini nitakula na wanangu, lakini si kwangu. Nikiwaita hapa, naogopa haya macho yangu. Nataka kuwaomba msamaha kwa kuwafundisha kusema wameshiba, ila kwa umri wangu sijui naanzia wapi.

Nyie mliolelewa na mama wa aina yangu, nishaurini. Angewaambia neno gani ndio mngekaa mkala? Sahani nne nimeziosha bila mtu kuzilia. Nane bado ziko kwenye karatasi za dukani.