Moto wa Mlangoni kwa Anyosisye

Ulikuwa mwaka 1906. Hapana, nakosea. Mwaka huo Neli alikuwa bado hajaolewa, yuko kwao ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Wakisi, anafinyanga vyungu na mama yake. Basi ni 1909, Wadachi, yaani Wajerumani, wakitawala bado. Iwe 1909.

Vyungu kama vya Neli sijaviona tena. Ukigonga kimoja kwa kidole kinalia kama kengele ya misheni. Na mdomo wake je! Mteja akisema chungu ni kidogo, humjibu, "Baba, nauza chungu, siuzi mtumbwi. Ulitaka kupanda?" Soko zima linacheka.

Mumewe, Anyosisye, alikuwa mvuvi mpole. Akaugua homa, homa ikaondoka, akili haikurudi sawasawa. Siku moja akampiga nduguye kwa kafi. Watu wakaja na kamba. Neli akawazibia njia.

"Kamba ni ya mbuzi," akasema. "Mwiteni Mzee Ambilikile."

Huyu Ambilikile ndiye aliyeamua mashauri ya kijiji chetu, na sheria ya kumfungia mtu aliirithi kwa baba yake. Mgonjwa hafungwi kamba. Atawekwa nyumbani, mlango ukomewe, na nje mlangoni kiwashwe kigogo kimoja kitokacho kwa wazee. Kigogo kikiisha, mlango ufunguliwe, mtu atazamwe na aulizwe. Ametulia, atoke. Hajatulia, warudi kwa wazee kuomba kigogo kingine, na waseme sababu.

"Mtu asifungiwe kwa hasira za watu," mzee akasema, akakiwasha mwenyewe.

Sasa kwetu, nyumba yenye ugonjwa haiendewi mikono mitupu. Na mvua zilikuwa zimeanza, kuni kavu ni za shida. Gideoni, jirani yao, akaja na gogo begani.

"Pole, dada," akasema, akalisukumia motoni kwa heshima.

"Ndaga fijo, kaka," Neli akamshukuru.

Wakaja wengine, kila mtu na kuni yake. Watu wakakaa wakiota moto, wakichoma ndizi, wakisimuliana habari za ziwa. Yalikuwa mazungumzo matamu, siwezi kusema uongo. Mpaka leo nikinusa ndizi mbichi zinaungua ganda, nauona ule ua na milima ng'ambo imejaa mawingu. Anyosisye akigonga kutoka ndani, mtu humwitikia, "Subiri kidogo, moto bado!" Kulikucha, kukachwa, kukakucha tena, moto bado.

Asubuhi moja Neli alirudi kutoka mtoni na maji, akasikia kimya. Kugonga kumekoma. Akatua mtungi, akawauliza waliokaa, "Kigogo cha wazee ni kipi hapa?"

Wakatazama motoni.

"Hiki changu ni cha leo," Gideoni akasema.

"Basi mnamfunga mume wangu kwa zawadi!"

Akamimina mtungi wote motoni. Shangazi yake Anyosisye akapiga kelele, "Mke gani huyu anazima kuni za pole?" Mzee Ambilikile akaitwa, akatazama majivu yale, akasema tu, "Fungueni."

Anyosisye alikuwa ameketi ameegemea ukuta, ametulia, macho yake yale ya zamani. Alikuwa ametulia tangu lini? Akaomba maji, na maji yalikuwa yamekwisha motoni.

Tangu siku hiyo mzee aliongeza neno: kuni za pole zipelekwe jikoni kwa mama wa nyumba, zisiguse moto wa mlangoni. Ugonjwa ulimrudia Anyosisye mara chache, na kila mara Neli alikaa karibu na kigogo akifinyanga, mkono wa mtu usisogee. Walizeeka pamoja. Nilipenda kwenda kwao jioni, Anyosisye ananipa samaki, Neli ananitania kwamba nala kama wawili.

Tukiwa tunatengeneza nyavu nilimwuliza Anyosisye jambo moja zaidi ya mara moja, naye aliendelea kufunga mafundo yake. Nikamwuliza Neli, akaenda kutazama vyungu. Wote sasa wamelala makaburini, na swali langu ninalo bado. Kule ndani, alipotusikia tunacheka na kusema moto bado, alidhani tunamngojea, au alidhani tumekwisha kumwacha?