Mzee Aliyefagia Njia ya Kiboko

Habari za kifo chake nilizipata sokoni hapa Nakuru, kwa mwanamke aliyetoka kijiji cha Bahati kuja kuuza viazi. "Yule mzee wa kufagia ametuacha," aliniambia, na kabla sijasikitika nikajikuta nimetabasamu, maana jina hilo lilimchekesha hata mwenyewe. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sina mazoea ya kulia gazetini. Huyu nitamlilia, kwa sababu nilimpenda.

Alizaliwa Bahati, akaja Naivasha na familia yake mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, kufanya kazi katika shamba moja kando ya ziwa. Kwao, siku ya arusi, baba hufagia njia atakayopita binti yake. Kando ya ziwa kuna desturi nyingine. Usiku viboko hupanda kula majani, na asubuhi hurudi majini kwa njia zao wenyewe, pana na zilizokanyagwa vizuri kuliko zetu. Nyasi zikiota baada ya mvua, mgeni hazitambui njia hizo. Basi kila inapoanzia njia ya kiboko, wenyeji hulaza tawi bichi la leleshwa, kichaka chenye harufu kali, kuikata, maana yake usipite huku.

Asubuhi ya arusi ya binti yake wa pekee, mzee alitangulia na panga na ufagio. Kila tawi alilokuta limelala njiani alilitupa kichakani, akinung'unikia uvivu wa watu wa ziwani. Sisi waalikwa wake tulifuata nyuma tukiimba, bibi arusi katikati yetu, na penye njia panda tukashika ile pana, maana mdomo wake ulikuwa umefagiwa ukapendeza. Tulikuwa tumekaribia mafunjo shangazi wa bwana arusi, mwenyeji wa pale, alipoinua mkono. "Nyamazeni. Hii njia si ya watu." Akatuonyesha chini mifereji miwili yenye tuta la nyasi katikati, alama ya mnyama ambaye miguu yake ya kushoto na ya kulia hukaa mbalimbali. Nyuma yetu kitu kizito kilikuwa kikivunja vijiti, kikishuka majini. Shangazi alimshika bibi arusi akamvuta kichakani, nasi tukajitupa huko huko, kiboko na ndama wake wakapita karibu mno hata tukasikia wakipumua.

Mzee alikuwa akingoja mlangoni pa kanisa, ufagio bado mkononi. Alipoona gauni limechanika na matope yamefika magotini, aliuliza, "Mmepitia wapi?"

"Pale ulipotufagilia, baba," binti akamjibu.

Alikaa chini kwenye ngazi akalia mbele ya watu wote, na arusi ikamngoja.

Mwingine angewalaumu wenyeji kwa kutomwambia, au angerudi kwao Bahati. Yeye alimwomba yule shangazi amtembeze pande zote za ufuko, na tangu hapo kila mvua ikikatika alitoka kwenda kulaza matawi. Makavu aliyabadilisha. "Tawi kavu linaonekana takataka," aliniambia, "na watu wengine wana mkono wa kufagia." Vijana walimtania, "Mzee, leo umefagia wapi?" Alicheka nao, akaendelea na kazi yake.

Katika bonde hili letu wengi tumetoka kwingine. Tunapenda kubishana nani alifika kwanza, kana kwamba kufika ndiko kujua. Siku hizi malori yanapita na vibao vya barabara vinazidi, lakini sijaona kibao kinachomwonya mtu juu ya kiboko. Nilimjua mtu aliyeanza kwa kukosea vibaya kuliko sisi sote, akafa akiwa mwenyeji kuliko waliozaliwa pale.

Nilikwenda Naivasha kumzika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na nyasi zimefunika kila kitu, ila penye njia panda nilikuta tawi la leleshwa, bichi, bado linanukia. Nyumbani kwa marehemu nilimkuta binti yake, sasa mama wa watoto, nguo imelowa umande hadi magotini. Nikamwuliza ni nani aliyelaza tawi.

"Ni mimi," alisema. "Wageni wa leo ni wengi, na baba hayupo."

Ndugu msomaji, ukifika ugenini ukakuta kitu kimelala njiani, uliza kabla hujakiondoa. Na ukishaambiwa, jua ya kuwa zamu ya kukilaza upya imekuwa yako.