Ujumbe wa Koko Usiopita kwenye Simu

Sababu ya mimi kupanda ndege ni réseau, mtandao wa simu. Mjomba Asukulu, ndugu mdogo wa Mama, anaishi Ubelgiji tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Kila Jumapili baada ya misa anampigia Koko, nyanya yangu, hapa Baraka, mashariki ya Kongo. Wanazungumza vizuri: mvua, muhogo, nani amezaa. Lakini Koko akiuliza tu, "Utakuja lini?", Mjomba anaanza kupiga kelele: "Allô? Allô? Mama, réseau iko mubaya!" Simu inakatika. Ni miaka sita sasa, tangu Babu azikwe bila yeye.

Mwaka huu, likizo kubwa ilipofika, Mjomba akatutumia tiketi mimi na Mama, twende kwenye ubatizo wa mtoto wake. Yaani alisafirisha watu wawili kwenda Ulaya ili yeye mmoja asije Baraka.

Siku moja kabla ya kuondoka, Koko aliniita jikoni. Macho yake yana utando, siku hizi ananitambua kwa hatua.

"Neema, nitakutuma neno. Mama yako akibeba atapunguza, anamuhurumia ndugu yake. We utasema yote."

Mimi, ambaye nikitumwa chumvi kwa jirani nazunguka nyumba mara mbili nikiomba atoke mtoto mdogo! Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Akanipa masharti: Mjomba aketi, mimi nisimame. Mke wake awepo. Watu wawe wamekula, kiza kimeingia, simu ziko mbali.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka Baraka. Barabara ya Uvira ilitutikisa mpaka Mama akasema unga wa muhogo ulio kwenye valizi, sanduku letu la safari, umesagwa mara ya pili. Tulipopita Makobola, walikouawa watu wengi wakati wa vita, alifanya ishara ya msalaba kama kila mara. Jioni tulikuwa Bujumbura, kesho yake ndani ya ndege.

Jumatano mchana, Ubelgiji. Mjomba alitukumbatia akitazama viatu vyetu. Anakaa ghorofa ya saba. Ndani ya lifti Mama aliwasalimu watu wote, mmoja mmoja, kwa Kifaransa cha Baraka: mmeamkaje, watoto ni wazima, na nyumbani? Bwana mmoja akashuka ghorofa ya tatu. Nina hakika anakaa ya tano.

Mimi nilidhani nimefika mbinguni. Nchi nzima ina haya! Kwenye basi kila mtu anatazama magoti yake. Hakuna mama wa kukusimamisha njiani: "We binti, hauna kinywa? Ni mutoto wa nani?" Kwetu mimi nahesabiwa mgonjwa, pale nilikuwa raia.

Kitu cha kwanza nilichopima ni réseau. Milia yote ilijaa: sebuleni, jikoni, hata chooni. Nilizunguka nyumba nzima na simu mkononi nikitafuta kona mbaya ya Mjomba. Haipo.

Wiki ya kwanza. Tatizo lilikuwa jua. Huko, mwezi wa saba, jua halijui kwenda kulala. Saa tatu za usiku ni kweupe, na Mjomba, ambaye anaanza kazi alfajiri, ameshalala mapazia yakiwa yamefungwa. Kiza cha Koko hakikuja. Nisiseme uongo: kila jioni nililishukuru lile jua.

Jumapili ya ubatizo. Wageni walifika saa tisa kama karatasi ya mwaliko ilivyosema, na saa kumi na mbili wakaondoka kama karatasi ilivyosema. Mama alikuwa bado anasonga bugali ya pili.

"Bamekasirika?" aliniuliza, mwiko mkononi.

Wiki ya pili. Zilibaki siku tatu. Kwenye mlango wa friji ya Mjomba kuna kalenda. Kila kitu kimeandikwa pale: siku ya takataka, daktari wa mtoto, hata siku ya kupumzika. Asiyeandikwa pale, kwao hayupo. Basi nikachukua kalamu, nikaandika kwenye Alhamisi, saa kumi na mbili jioni: *Neno la Koko. Mapazia yafungwe.* Asubuhi Mjomba alisoma, akanywa kahawa yake. Hakufuta.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Baada ya kula, Mjomba alifunga mapazia mwenyewe, akaketi kando ya mke wake. Mama alikusanya simu zote, akazitia ndani ya sufuria na kufunika. Nikasimama. Maneno yalikuwa ya Koko, si yangu. Labda ndiyo maana yalitoka.

"Asukulu. Sikuiti juu ya makuta, juu ya pesa. Macho yangu inaisha. Sauti yako niko nayo, sasa nataka uso. Kama ni hapana, sema hapana, mi niko mama yako, nitabeba. Lakini usiniambie tena réseau."

Mjomba aliuliza akitazama miguu yake.

"Neema, toka soko mpaka kwa Mama, kuko nyumba ngapi?"

"Makumi ine na moja." Arobaini na moja: najua, nazipita kila siku nikiomba wasinione.

"Na kila nyumba batatoka, balilie Papa yangu upya mbele yangu. Batasema, ndo sasa unafika? Mi nitasimama pale, nitajibu nini?"

Kumbe! Niliuona ugonjwa wangu mwenyewe, una ndevu na karatasi za Ulaya.

"Haujibu kitu, Mujomba," nikasema. "Unainamisha kichwa, bao ndo banalia. Ushike upande ya ziwa, kule nyumba ni kidogo. Upande ya mulima nitasalimia mimi."

Mama alicheka na machozi yake. "Mabubu wawili wanagawana barabara!"

Mjomba aliinuka. Alifungua mapazia, jua likaingia kama lilikuwa linasikiliza mlangoni.

Baraka, wiki iliyofuata. Toka soko nilisalimia nyumba zote, pande zote mbili, kujipima. Jirani mmoja alimuuliza Mama kama nimerudi na homa.

"Aliketi?" Koko akauliza.

"Aliketi."

"Simu?"

"Mu sufuria."

"Na réseau ya kule?"

Nilitazama chini. "Iko muzuri, Koko. Hata mu choo."

Alicheka mpaka akakohoa.

Rafiki zangu wananiuliza nimejifunza nini Ulaya. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kupata nchi nzima ya kujifichia, na bado mama yake anamwona.

Jumapili, baada ya misa. Simu ililia. Mvua, muhogo, nani amezaa. Kisha Koko akauliza, "Asukulu, utakuja lini?"

Nikatazama milia ya simu yetu: mmoja, hakuna, mmoja. Siku ile réseau ilikuwa mbaya kweli, na ilikuwa yetu.

"Allô?" Koko akaita.

"Ninakusikia, Mama," Mjomba akasema. "Mwezi wa kumi na mbili. Ambia Neema aanze upande yake."