Mazuri na Mabaya ya Hoteli ya Mama

Juzi nilikuwa nimepanga foleni mbele ya benki moja hapa Butembo, jua la saa nne likituchoma utosi, mlinzi wa mlangoni akabonyeza kiredio chake. Kikakoroma, kikakohoa, kikachemka kama mafuta yaliyotiwa maji, kisha mtu wa upande wa pili akasema, “À vous.” Basi, nikachuchumaa palepale kwenye foleni. Mama mmoja nyuma yangu akadhani nina njaa, akanipa ndizi. Niliila. Ningemwambia nini? Kwamba mimi, mzazi wa watoto watatu, natishwa na kiredio?

Ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu, mtoto akifika umri wa kuachishwa ziwa, hakai na mama yake, maana atalilia ziwa mpaka mama amhurumie. Anapelekwa kwa shangazi au kwa bibi mpaka asahau. Ndivyo ndugu yangu Mumbere, kijana wa kwanza wa nyumba yetu, alivyopelekwa Beni kwa Shangazi Kavira, dada ya baba, mtaa wa Beu. Mimi Masika nikapelekwa naye, ili awe na mgongo anaoujua. Baba akabaki Butembo na duka. Mama, mikono yake ikiwa huru baada ya mwaka na zaidi, akapanda lori kwenda Mombasa kununua viatu na vitenge. Wiki tatu, alisema. Mumbere alikuwa amelala mgongoni mwangu, kwa hiyo mama hakumuaga.

Vita vilikuwapo tayari, mais, yaani lakini, tulikuwa tumevizoea, kama unavyomzoea jirani mlevi. Mama alipokwisha kupita mpaka, njia ya Kasindi, ile ya mpakani, ikaharibika. Malori yalichomwa, watu walishushwa na hawakupanda tena. Vitu vya mama navyo vilikwama bandarini. Bwana aliyekuwa akiwapokelea mizigo wafanyabiashara wa kwetu akamtafutia chumba katika hoteli kubwa kandokando ya bahari. Watalii walikuwa wamepungua, wenye hoteli wakakubali kuchukua hata mama wa Butembo na mabunda yake.

Habari hizo zote tulizipata kwa foni. Wadogo wa leo hawaijui. Ilikuwa redio ya mezani, imefungwa kwenye betri ya gari, waya wake umepandishwa juu ya mti wa mkaratusi. Yetu ilikuwa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja karibu na soko, na aliyeitumikisha ni Mzee Kakule, mwenye miwani iliyoshikwa na uzi. Kila Jumamosi asubuhi aliita Mombasa, Mombasa, Mombasa, mpaka sauti yake ikakauka. Ukibonyeza, unasema. Ukimaliza, unasema “à vous,” unaachia, unasikiliza. Na hapakuwa na siri hata chembe! Nyuma yako lilikuwa benchi refu la watu wanaongoja zamu, na benchi lile lilijibu kila kitu. Ukisema mbuzi amezaa, benchi linapiga makofi. Ukisema mume wako hajatuma kitu, benchi linasonya kwa niaba yako.

Mama yangu alikuwa mtu wa kuchekesha. Jumamosi ya kwanza aliuliza habari zetu, kwanza Mumbere, kisha mimi, kisha baba. Halafu akasema, “Sasa ngoja nipatie ninyi muzuri na mubaya ya hii hoteli.”

Mazuri: mashuka wanayabadilisha kila siku, wala si wewe unayefua. Mabaya: ukiacha kitenge chako kitandani, msichana wa kazi anakikunja sura ya bata, utakitafuta mpaka utoe machozi. Mazuri: maji ya moto yanatoka ukutani bila kuni. Mabaya: bugali hakuna, sombe ya majani ya mihogo hakuna, asubuhi wanakupa mayai na kuuliza unayataka namna gani, kana kwamba yai lina namna kumi! Mazuri: hakuna risasi. Mabaya: bahari yenyewe haifungi kinywa, mchana na usiku inasema tu, kama wakwe. Benchi lilicheka mpaka Mzee Kakule akapiga meza. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na watu ambao hawakuwa na mtu Mombasa wala Kampala. Walikuja kusikia hoteli.

Mimi nilijivuna mno. Nilitembea Beu yote kama mtoto wa gavana.

Mwezi wa pili tangu mama aondoke, Mumbere akashikwa na homa. Ilianza Jumatatu, na siku ileile milio ya bunduki ikaanza upande wa mtaa wa Ruwenzori, hakuna aliyeweza kutoka. Shangazi alimwosha kwa maji ya baridi, akamnywesha majani, akaomba. Jumatano tulipotoka, tulikuta mlango wa dispansari umevunjwa na rafu za dawa ni tupu. Muuguzi alikuwa amekaa chini katikati ya vikaratasi. Alitutazama tu, akafungua mikono. Alhamisi saa sita mchana nilikuwa natwanga sombe. Shangazi akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, “Masika, acha kutwanga.” Mumbere alikuwa mapajani pake.

Walimzika nyuma ya jiko, penye mihogo, kwa sababu njia ya makaburi haikuwa nzuri. Baba alitoka Butembo kwa miguu, akafika udongo umekwisha kukauka. Nilimwona akiinama, akauweka mkono wake juu ya udongo, akauondoa, akaurudisha tena.

Jioni ileile wakubwa walikaa. Kwa kawaida yetu, mtu aliye safarini haambiwi msiba. Anaachwa afike, anawekwa katikati ya watu, ndipo anaambiwa, ili wawepo wa kumshika. Mais mara hii haikuwa kawaida tu.

“Tukimwambia, atapanda lori ya kwanza,” Shangazi alisema.

“Atakuja, ndiyo,” baba akasema. “Na batamushusha mu njia. Nishapoteza moja. Wa pili, hapana.” Kisha akanigeukia mimi. “Masika, umesikia? Mama akiuliza, Mumbere iko muzuri.”

Nilisikia. Niliona nimepewa kazi ya watu wazima. Uhai wa mama ulikuwa kwenye ulimi wangu, na ulimi wangu, mnielewe, ulikuwa mwepesi.

Jumamosi ikafika. Shangazi alishika kile kidude cha kusemea, akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akakohoa, akakohoa, akanipa mimi. Sauti ya mama ikaja, “Masika wangu! Mumbere iko aye? À vous.”

“Iko muzuri, Mama. Anasimama! Anashika kiti, anasimama, anacheka. À vous.”

Benchi lilinyamaza. Wote walikuwa wamekuja kwenye kilio, wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka wetu. Mzee Kakule aliifuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu. Redio ikachemka kwa muda mrefu, hata nikadhani mawasiliano yamekatika. Kisha mama akasema, “Nashukuru, Masika. À vous.” Hakusema neno la hoteli siku hiyo. Tulipotoka nje, Shangazi aliniambia nimefanya vizuri, akaninunulia beinye, andazi la kwetu. Niliila yote. Aibu ile ninayo mpaka leo, kwamba ilikuwa tamu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimejitayarisha. Mumbere ameota jino. Mumbere amejifunza kusema “maji.” Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Mais mama hakuuliza. Hakuniachia hata nafasi, alianza moja kwa moja, “Masika, ngoja nikupatie muzuri na mubaya.” Mazuri: kuna mtu anayepiga kinanda wakati wa kula. Mabaya: anajua wimbo mmoja tu. Mazuri: taulo kubwa kama blanketi. Mabaya: mchanga unaingia mpaka kwenye meno. Aliendelea, aliendelea, mpaka muda wetu ukaisha.

Ikawa hivyo kila wiki. Hakuuliza tena Mumbere. Si mara moja! Benchi halikucheka sana kama zamani, watu walitazama miguu yao, nami nikaona hata wao wamechoka na yule mwanamke na taulo zake. Ndani yangu hasira ikaanza kupanda. Sisi tunakula mihogo mitupu, sisi tunalala chini ya vitanda milio ikianza, mtoto yuko chini ya udongo, na yeye anatuhesabia samaki wa kukaanga. Nilijisemea, huyu amekwisha kutusahau. Amepata hoteli, sisi tumekuwa kelele tu ya redio.

Jumamosi moja nikabonyeza kabla hajaanza. “Mama, wewe unapenda hoteli kuliko batoto yako. À vous.”

Benchi likaguna “eeh!” kwa pamoja. Shangazi alinifinya sikio mpaka likalia. Tukangoja.

“Hapana, Masika,” sauti ikaja, kwa upole sana. “Hoteli iko na mubaya mingi. Mu chumba yangu kuko bitanda bibili. Kimoja mutu halalake. Na kila asubuhi banabadilisha shuka yake, hata kama hakuna mutu alilalia. Naambia ule binti aache, anakataa. Anasema iko kazi yake. À vous.”

Nilimrudishia Shangazi kidude. Nilifikiri, huo nao ni ubaya? Shuka safi?

Njia ilifunguka mwezi wa nne. Mama alikuja Beni juu ya lori la chumvi. Kwa desturi, Shangazi alikuwa amewakusanya wanawake sebuleni, mikeka imetandikwa, wawili wenye nguvu wamesimama mlangoni kumdaka akianguka. Baba alikuwa amevaa koti. Mimi nilijificha nyuma yake, maana sasa uongo wangu ulikuwa unakuja kukutana na mwenyewe.

Aliingia uani bila kitambaa kichwani, kitenge amekikaza kiunoni kama anavyojifunga mwanamke aliyefiwa. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Hakuna aliyekuwa amefungua kinywa. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama Shangazi.

“Mulimuzika wapi?”

Wale wanawake wawili hawakuwa na kazi. Alikwenda mwenyewe nyuma ya jiko, akakaa chini kwenye mihogo, hakupiga hata kelele moja. Wanawake waliokuwa wamejitayarisha kulia naye walibaki wakiangaliana. Wengine walisema pembeni kwamba bahari imemfanya mgumu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliafiki.

Ilinichukua miaka mingi kumuuliza. Nilikuwa nimempelekea mtoto wangu wa kwanza ili amwachishe ziwa, tumekaa tunachambua maharagwe, na mimi maziwa yananiuma kifua. Nikamwambia, “Mama, ulijua siku gani?”

Hakuuliza nilichomaanisha. “Ile Samedi ulisema anasimama. Mutoto anasimama, na kule nyuma yako hata mutu moja hapana piga makofi? Benchi ya Beni? Nikajua palepale.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, ningekuja. Na baba yako asingepona kama ningefia mu njia.” Aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. “Na ningeuliza tena, ungenijibu tena. Ulikuwa na miaka tisa, Masika. Niliona bamekubebesha muzigo. Nikasema, basi, nitasema mi, kusudi weye usiseme.”

Miaka yote ile niliamini kwamba mimi ndiye niliyemlinda, mimi na ulimi wangu mwepesi. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikauliza kitu cha kijinga: yule mpiga kinanda, wimbo wake ulikuwa upi?

“Sijui,” mama akasema. “Ule binti wa mashuka ndiye alikuwa ananihadithia. Mi sikushuka kula. Tangu ile Samedi sikutoka mu chumba, ila kuja kusema na weye.”