Niliinua Pikapu Inchi Nne, Sasa Mke Wangu Yuko kwa Mama Yake

Asalaam aleikum admin na nyote mnaofuata ukurasa huu. Naomba jina langu lisitajwe, maana Garissa ni ndogo na kuna watu tayari wanakicheka kisa hiki. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita. Naishi Waberi na mke wangu na watoto watatu, ingawa wiki hizi tatu naishi na sufuria tu. Kazi yangu ni pikapu. Alfajiri napeleka mboga na simenti upande wa Dadaab, na nikirudi nawabeba akina mama wanaoleta maziwa ya ngamia sokoni. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, ambaye sisi humwita sodoh.

Shida ilianza mvua iliyopita. Nilikwama siku mbili, tumbo la gari limelalia tope, nyanya za watu zinaoza huku nikiziangalia. Nikaapa kwamba gari hii lazima iinuke. Mwezi mzima nilihangaika na springi kama mtu anayetafuta mchumba. Dereva mmoja anasema inchi mbili zinatosha, mwingine anasema chini ya nne ni kujidanganya, na wale wa mitandaoni wanasifu magari ambayo hayajawahi kubeba hata gunia moja. Fundi wangu, Mkamba mmoja mpole, aliniambia wazi: "Chukua inchi mbili, na nyuma tuweke springi nzito. Itabeba vizuri na haitakusumbua." Mimi nikajifanya mjuaji. Nikachukua seti ya inchi nne, springi, shokamzoba na matairi makubwa juu yake. Gari ilipotoka gereji nilizunguka nayo mji mara mbili bila sababu yoyote.

Safari ya kwanza ya kurudi, nikawakuta akina mama kando ya barabara na mitungi yao. Sodoh hukaa mbele, ana magoti mabaya. Akainua mguu, haukufika. Akajaribu tena, buibui ikapanda hadi karibu na goti, akaishusha haraka. Jua lilikuwa kali, maziwa hayangoji, na nyuma yangu kuna lori linapiga honi. Nilishuka, nikamshika sodoh kiunoni, nikamwinua na kumweka kitini. Hivyo tu, bila kufikiri.

Kwa wasiojua mila zetu, niwaeleze. Kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa sijawahi kumtazama mama yule machoni. Sili mbele yake, simwiti kwa jina, nikiongea naye naangalia chini. Halafu siku hiyo nikamnyanyua mbele ya watu. Tulipofika sokoni habari ilikuwa imetutangulia kwa simu. Mzee mmoja wa miraa akaniita mbele ya wateja wake: "Warya, huyo sodoh umepima kilo ngapi?" Wote waliokaa kivulini wakacheka. Sodoh alikuwa hatua tano kutoka hapo, anashusha mitungi yake.

Jioni hiyo mke wangu alifunga nguo za watoto na kwenda kwa mama yake.

Sikukaa kimya. Nilienda kwa mchomeleaji akanitengenezea ngazi nzuri ya chuma. Nikamtuma abti yangu, yaani mjomba, na sukari, majani chai na shuka mpya, akaomba msamaha kwa niaba yangu. Sodoh akapokea. Alimwambia abti, "Mwambie kijana yameisha. Alikuwa na haraka." Kesho yake akapanda gari kwa ile ngazi, mwenyewe, polepole, kama hakuna kilichotokea. Nikashukuru Mungu. Nikafagia nyumba, nikanunua nyama, nikangoja watu wangu warudi. Hawakurudi.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mwenye kukosewa amesamehe, sasa huyu ananuna kwa ajili ya nani? Juzi nikaenda mwenyewe. Nikamwambia mke wangu, "Kama ni gari, nitaishusha. Springi za zamani ziko nyuma ya nyumba, hata leo fundi atazirudisha. Mvua ikija tutakwama na tutalala njaa, lakini sawa, itakuwa umeshinda."

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama yangu alikusamehe siku ileile. Mimi sijasema ni mambo ya hooyo, wala sijakuomba ushushe gari. Siku ile gereji fundi alikuuliza, 'Hii gari inapandwa na nani?' Ukamjibu, 'Hakuna mtu, ni mzigo tu.' Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, namnyonyesha mtoto wako."

Nilitaka kucheka. Nikamwona hacheki. Nikataka kumwambia kwamba ni maneno ya gereji, kwamba fundi alitaka kujua uzito, kwamba kila dereva hujibu hivyo. Nikaondoka bila kunywa chai niliyowekewa.

Ndugu zangu, nimechoka. Nina hasira naye kwa kulifungia neno moja moyoni wakati wote huo, na nina hasira zaidi kwa sababu nalikumbuka swali la fundi, nakumbuka jibu langu, lakini nikijaribu kukumbuka kwamba yeye alikuwa ndani ya gari siku hiyo, simwoni. Kile kiti nakiona kitupu. Msiniambie ninunue ngazi, ngazi ninayo. Msiniambie nishushe gari, hilo hajaliomba. Wenye ndoa zenu, nisaidieni na hili moja: nikirudi kwake kesho, nianze kusema nini?